Kisukari, risasi na zebaki: jinsi ya kulinda madini ya mwili wako ukiwa Tanga

Kila wiki maswali ni yaleyale. "Ninunue vidonge vya zinki?" "Kuna dripu ya kusafisha sumu, niende?" "Nimeambiwa samaki wana zebaki, sasa mimi mtu wa pwani nile nini?" Anayeuliza huwa ana kisukari cha miaka miwili mitatu, amesikia kwamba metali nzito (kama zebaki, kadimiamu na risasi, ile metali ya kwenye betri) hufukuza madini mwilini, hofu imemwingia, na mara nyingi chupa ya vidonge tayari iko mkobani. Nimeona niyaandike yote kwa mpangilio, ili ukimaliza kusoma ujue cha kufanya kesho asubuhi.

Jibu fupi ni hili: ziba kwanza, jaza baadaye. Wavuvi wa Sahare hulielewa mara moja. Mashua ikivuja hukai ukifua maji kutwa nzima. Unaipandisha pwani, unaikalafati, maji yaliyobaki ndipo unayafua. Anayemeza zinki huku anajipaka mkorogo wenye zebaki anafua maji ilhali tundu liko wazi.

Mwongozo huu ni kwa mwenye kisukari na kwa yule anayempikia. Hauchukui nafasi ya daktari wako, na hakuna mahali humu nitakapokuambia uache dawa ya hospitali.

NADHARIA KIDOGO

Insulini na madini ni ndugu. Ndani ya kongosho, insulini huhifadhiwa ikiwa imefungwa kwa zinki: molekuli sita za insulini hushikamana kwa zinki mbili. Magnesiamu nayo inahitajika ili seli iitikie insulini inapobisha hodi. Sukari ikizidi kwenye damu, figo huimwaga kwenye mkojo, na mkojo huo mwingi huondoka na magnesiamu na zinki. Kwa hiyo mtu ambaye sukari yake haijatulia anapoteza madini hata kama hajawahi kuigusa risasi maishani mwake.

Metali nzito huongeza hasara hiyo kwa kujifanya madini. Risasi mwili huidhania kalsiamu, ukaiweka kwenye mifupa kwa makumi ya miaka. Kadimiamu hupitia mlango wa chuma, hugombania nafasi ya zinki, kisha hujikusanya kwenye figo na kukaa humo miaka 10 hadi 30. Zebaki huikamata seleniamu isifanye kazi yake. Aseniki kwenye maji ya kunywa, ikiwa nyingi, imehusishwa na kisukari huko Taiwani na Bangladeshi. Na mwili wenye njaa ya chuma na kalsiamu huifungua milango yake wazi zaidi, ndiyo maana asiye na damu ya kutosha hufyonza risasi na kadimiamu kuliko mwenzake aliyeshiba.

Huko Hyderabad, Pakistani, watafiti walipima watu wenye kisukari wakakuta risasi, kadimiamu na aseniki zimezidi kuliko kwa wasio na kisukari, huku zinki na kromiamu zikiwa pungufu kwenye damu na nywele lakini zikitoka kwa wingi kwenye mkojo. Hilo halimaanishi kwamba metali ndizo zilizowapa kisukari. Ila figo ambazo tayari zinabeba mzigo wa sukari hazihitaji kubebeshwa kadimiamu na zebaki, ambazo zote mbili huumiza figo. Kwangu mimi hiyo inatosha kuanza.

UNACHOHITAJI KABLA YA KUANZA

- Daftari na kalamu.
- Mashine ya kupimia sukari na vijiti vya kutosha wiki mbili.
- Kadi yako ya kliniki, pamoja na majibu ya karibuni ya figo (kreatinini), wingi wa damu (himoglobini) na sukari ya miezi mitatu (HbA1c).
- Dawa zote unazotumia, za hospitali, za duka na za kienyeji, ndani ya mfuko mmoja. Zote. Hata ile unayoona haya kuitaja.
- Ndoo mbili, kitambaa cha kudekia, sabuni.
- Mpishi wa nyumba. Kama si wewe, keti naye mlisome hili pamoja, kwa sababu nusu ya kazi iko mikononi mwake.

Pesa ya vidonge huihitaji kwa sasa.

HATUA YA 1: Andika siku saba bila kubadilisha kitu

Kwa wiki moja ishi kama kawaida, ila andika: umekula nini, umekunywa maji ya wapi, umejipaka nini, umefanya kazi gani, sukari yako asubuhi kabla ya kula ilikuwa ngapi. Andika jina la samaki, usiandike "samaki" tu. Andika sufuria iliyopikia mchuzi wa ukwaju ni ipi.

Wengi huiruka hatua hii, wakafika kwa daktari na kumwambia "nakula vizuri tu". Daftari ndilo litakalokuonyesha kwamba wiki nzima umekula papa mkavu mara nne, au kwamba ile dawa ya unga unailamba mara tatu kwa siku.

HATUA YA 2: Kagua nyumba, anzia chumbani, malizia jikoni

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa hiyo tusiende mbio.

Mkorogo na sabuni za kung'arisha ngozi. Baadhi zina zebaki, ambayo huingia kupitia ngozi na mvuke wake hupumuliwa na kila anayelala chumbani humo, na kiungo kinachoumia kwanza mara nyingi ni figo. Soma lebo. Maneno ya kutafuta ni mercury, calomel, mercurous chloride, mercuric iodide, au herufi Hg. Ukiona onyo kwamba usiiguse na dhahabu, fedha au alumini, hiyo ni alama mbaya, kwa kuwa zebaki hushikamana na metali hizo. Na kama imepimwa kwenye kopo lisilo na lebo yoyote, dukani au kwa jirani, usiitumie. Ifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki na umwulize bwana afya wa kata uipeleke wapi. Usiichome: ukichoma, zebaki inageuka mvuke.

Wanja wa manga. Najua nagusa mila. Bibi zetu walitupaka siku ya saba, na mimi mwenyewe nimepakwa. Lakini wanja wa jiwe wa asili mara nyingi ni galena, yaani risasi na salfa. Mtoto anasugua macho, analamba vidole, risasi inaingia. Mtu mzima tumboni mwake hufyonza kama sehemu moja katika kumi ya risasi aliyoimeza. Mtoto mdogo anaweza kufyonza nusu. Kama lazima wanja uwepo, tumia wa masizi uliotengenezwa nyumbani kwa namna mnayoijua wenyewe, tena kwa mtu mzima, si kwa mtoto.

Udongo wa kula, pemba. Wenye upungufu wa damu huutamani sana, na wajawazito zaidi. Udongo huo umeshakutwa na risasi na aseniki, na zaidi ya hapo huzuia chuma cha chakula kisifyonzwe. Kwa hiyo unakula kwa sababu damu ni ndogo, na damu inazidi kuwa ndogo kwa sababu unakula. Hamu ya udongo ni dalili. Nenda ukapime damu.

Dawa za unga za "kumaliza kisukari". Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, maana mtu ameuza mbuzi kuinunua. Kuna dawa za mitishamba na za mchanganyiko wa madini, hasa baadhi ya zile za asili ya Kihindi, ambazo zimekutwa na risasi, zebaki na aseniki. Nyingine zimetiwa kwa siri vidonge vya hospitali vya kushusha sukari, ndiyo maana "zinafanya kazi". Chochote kisicho na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo na usajili, usikiweke mdomoni.

TAHADHARI: Ukiacha dawa ya unga uliyoizoea, pima sukari asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Ikiwa ilikuwa na kidonge kilichofichwa, sukari itapanda.

Mdalasini na manjano. Wengi wenu mnachemsha mdalasini kila asubuhi. Mwaka 2023 huko Marekani mamia ya watoto walikutwa na risasi kwa sababu ya rojo la tufaha lililotiwa mdalasini wa unga uliochafuliwa. Bangladeshi kwa miaka mingi manjano yalikuwa yakipakwa rangi ya risasi ili yang'ae. Sisi tunaoishi chini ya Usambara hatuna sababu ya kununua unga usiojulikana ulikotoka: viungo vya Amani na Muheza vinafika sokoni vikiwa vizima. Nunua magome, nunua manjano mabichi, saga mwenyewe kwenye kinu cha mti au cha mawe.

Sufuria. Zile nzito za kusubu, zinazotengenezwa na mafundi kwa vipande vya injini na vyuma chakavu, zilipopimwa katika nchi kadhaa, Kameruni ikiwamo, zilitoa risasi na kadimiamu kwenye chakula, hasa chakula kichachu. Siwalaumu mafundi, wanayeyusha wanachokipata. Lakini mchuzi wa ukwaju, nyanya, ndimu au embe bichi upike kwenye sufuria ya stili au chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa ndani. Usiache mchuzi ulale kwenye sufuria ya kusubu. Usiisugue kwa mchanga mpaka ing'ae. Ule weusi wa ndani ni ngao.

Tumbaku. Sigara ni njia kubwa ya kadimiamu kuingia mwilini, na moshi wake mapafu huufyonza upesi. Ya kunusa na ya kutafuna nayo haisalimiki. Mwenye kisukari anayevuta, aanze hapa kabla ya jambo jingine lolote katika ukurasa huu.

Rangi inayobanduka. Nyumba za zamani za Ngamiani na Chumbageni zina matabaka ya rangi za mafuta za miaka na miaka, nyingine zikiwa za risasi. Usikwangue zikiwa kavu. Lowesha kwanza, kusanya mabaki, kisha deki kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu unarusha vumbi tu.

HATUA YA 3: Iache kazi kazini

Kama wewe au mtu wa nyumbani ni fundi betri, fundi redio anayelehemu kwa risasi, mpaka rangi, mchimbaji wa dhahabu kule Handeni au Kilindi anayetumia zebaki, au mvuvi anayesubu chubwi (vizito vya risasi vya mshipi na nyavu), sumu inaingia nyumbani kwa nguo na viatu.

Baba yangu alikuwa akisubu chubwi uani. Anavunja betri chakavu kwa nyundo, anayeyusha risasi kwenye sufuria kuukuu juu ya mafiga, anaimimina kwenye vishimo alivyochimba mchangani kwa kidole. Sisi watoto tukiokota matone yaliyopoa tukiyachezea. Sufuria ileile mama akaja kuichemshia maji ya kuoga. Baba alipata kisukari, figo zikafuata. Siwezi kusema ni chubwi zilizomfikisha pale, hakuna aliyempima risasi. Najua tu kwamba kwa miaka yote ile hakuna aliyemwambia aihamishe kazi ile mbali na jiko.

Fanya hivi:

a) Kuyeyusha risasi kusifanyike nyumbani kabisa. Nunua chubwi zilizo tayari, au tumia mawe na saruji kwenye nyavu panapowezekana.
b) Nguo za kazi zibaki kazini. Zikija nyumbani, zifuliwe peke yake.
c) Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula, kunywa au kuvuta. Usiile sambusa kwa mkono ulioshika risasi.
d) Usiume chubwi kwa meno kuibana kwenye mshipi. Naona bado mnafanya.
e) Anayechoma zebaki na dhahabu asichome chumbani wala jikoni, wala karibu na watoto. Mvuke hauonekani na hauna harufu.

Anayedhani haya ni makubwa kupita kiasi akumbuke Owino Uhuru, Mombasa, hapo tu ng'ambo ya mpaka. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa 2014 baada ya wakazi, watoto kwa wakubwa, kukutwa na risasi mwilini.

HATUA YA 4: Maji

Hii ni fupi. Maji ya bomba yaliyolala usiku kwenye mabomba yaache yatiririke kama dakika moja asubuhi, uyakinge kwa kufulia au kudekia, ndipo uchote ya kunywa. Ya mvua: acha mvua ya kwanza ioshe bati kabla ya kuyakinga. Kisima kilicho karibu na machimbo, gereji au jaa la taka kipelekwe kupimwa. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa aseniki kuwa mikrogramu 10 kwa lita.

TAHADHARI: Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi metali. Maji yakipungua kwa kuchemka, metali inabaki yote ndani ya maji machache zaidi. Endelea kuchemsha kwa ajili ya kipindupindu na homa ya matumbo, ila usidhani umeondoa risasi.

HATUA YA 5: Samaki, usiache, chagua

Tafadhali usiache samaki. Ndiye protini yako isiyopandisha sukari, na ana seleniamu ileile ambayo zebaki inaikamata. Kinachotakiwa ni kujua nani anamla nani baharini. Zebaki hupanda kadiri samaki mkubwa anavyokula wadogo na kadiri anavyoishi miaka mingi.

Kula mara kwa mara: dagaa, vibua, simu, changu, tasi.
Kula mara chache: jodari mkubwa na nguru mkubwa.
Epuka, hasa mjamzito na mwenye figo zilizochoka: papa na nduaro. Papa mkavu ana hasara mbili, zebaki na chumvi nyingi kwa mtu ambaye presha yake nayo inapanda.

Zebaki imo kwenye nyama yenyewe. Kuosha kwa ndimu, kukaanga au kukausha hakuiondoi. Ukifika soko la samaki la Deep Sea mapema, mwulize muuzaji jina la samaki kabla hajamkata, kwa sababu kipande cha papa kikishawekwa viungo huwezi kukitambua.

Pweza na ngisi: kula nyama, tupa matumbo yote. Kadimiamu yao hujikusanya kwenye tezi ya ndani, na kuna wanaouona mchuzi mweusi wa ngisi mzima kuwa ndio utamu wenyewe. Chaza na kombe usiokote karibu na bandari wala mdomo wa mfereji wa maji machafu. Hawa huchuja kila kinachopita.

Na mboga za majani ziko kwenye kundi hilihili la "chagua". Matembele na mchicha uliopandwa kando ya barabara kuu au kumwagiliwa maji ya mfereji hukusanya risasi na kadimiamu. Mwulize mama wa mboga shamba liko wapi. Osha kwa maji matatu, kwa sababu sehemu kubwa ya risasi ya mboga ni vumbi lililokaa juu ya jani.

HATUA YA 6: Sasa jaza

Umeziba. Sasa chakula kifanye kazi yake, na cha Tanga kinatosha.

Magnesiamu: korosho, mbegu za maboga, ufuta, choroko, kunde, dona, mchicha, matembele.
Zinki: nyama, maini, dagaa, mbegu za maboga, kunde.
Chuma: maini, nyama nyekundu, dagaa, mboga za majani zikitiwa ndimu.
Kalsiamu: maziwa na mtindi usio na sukari (na mkoa wetu kwa maziwa hauna shida), dagaa wanaoliwa na mifupa yao.
Seleniamu: samaki na mayai.

Siku moja inaweza kuwa hivi. Asubuhi, kipande cha muhogo wa kuchemsha kisichozidi ngumi yako, yai, na chai uiache hadi baadaye. Mchana, ugali wa dona ukubwa wa ngumi, dagaa wa kukaushwa waliotiwa nyanya na ndimu, mchunga au matembele nusu ya sahani. Alasiri, kiganja kimoja cha korosho au mbegu za maboga. Usiku, choroko au kunde za nazi nyepesi, mchicha, changu wa kuchoma, wali kidogo au usiwepo. Mtindi glasi moja kabla ya kulala. Chungwa la Muheza lile likiwa zima. Juisi yake itakurushia sukari.

Mambo matatu yanayofanya chakula hicho kisipotee bure:

a) Loweka kunde, choroko na maharage usiku kucha, umwage maji. Kuna kitu kwenye nafaka na kunde kinachoifunga zinki na chuma, na kulowesha hukipunguza. Uji uliochachushwa una faida hiyohiyo.
b) Chai na kahawa ziwe saa moja baada ya chakula au zaidi. Chai pamoja na mchicha ni kukizuia chuma mlangoni.
c) Usikae na njaa. Tumbo tupu hufyonza risasi zaidi.

TAHADHARI: Ikiwa umeambiwa figo zimechoka au potasiamu iko juu, usiongeze matembele, nazi, ndizi wala madafu kabla ya kuzungumza na daktari. Kilicho chakula kwa mwingine kwako kinaweza kuwa hatari kwa moyo.

Kuhusu vidonge vya madini: zinki ikizidi miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu hupunguza shaba mwilini na kuleta upungufu wa damu wa namna nyingine. Magnesiamu ya vidonge kwa mtu ambaye figo hazifanyi kazi vizuri hujikusanya na inaweza kuua. Kromiamu inayouzwa kwa bei kubwa kama dawa ya kisukari haina ushahidi wa kutosha kwa bei hiyo. Kumeza kidonge pale kipimo kimeonyesha upungufu ni matibabu. Kumeza kwa kubahatisha sikushauri.

HATUA YA 7: Nenda kliniki na mfuko wako

Siku yako ya kliniki, iwe Hospitali ya Bombo au kituo cha afya cha karibu, beba daftari na ule mfuko wa dawa. Ukishamwamkia daktari, mweleze kwa ufupi: "Daktari, kazi yangu ni hii, nilikuwa natumia hiki na hiki, nimeacha tangu tarehe fulani." Kisha uliza haya:

- Kreatinini na protini kwenye mkojo zimepimwa lini?
- Himoglobini yangu ni ngapi? Upungufu wa chuma unaweza kufanya kipimo cha sukari ya miezi mitatu kionekane juu kuliko hali halisi, na mwenye asili ya selimundu naye kipimo hicho kinaweza kumdanganya.
- Je, dawa zangu zinapunguza madini? Vidonge vya kukojoa maji vya presha hupunguza magnesiamu na potasiamu. Omeprazoli ya miaka mingi hupunguza magnesiamu. Metfomini ya muda mrefu hupunguza vitamini B12, na ganzi ya miguu inayofuata watu huisingizia sukari peke yake.
- Kwa kazi yangu, kuna haja ya kupima risasi kwenye damu?

Kipimo cha risasi ni cha damu ya mshipa. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama; Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita chanzo kitafutwe na kiondolewe. Ukipimwa aseniki kwenye mkojo, usile chochote cha baharini siku tatu au nne kabla, la sivyo majibu yatapanda kwa aseniki ya samaki ambayo haina madhara yale. Na jua kwamba magnesiamu ya kwenye damu ni chini ya asilimia 1 ya magnesiamu yote ya mwili: jibu la kawaida halimaanishi akiba imejaa.

HATUA YA 8: Rudia baada ya miezi mitatu

Risasi ya kwenye damu hupungua nusu kwa kama mwezi mmoja ukiziba chanzo. Ya mifupani haina haraka. Sukari ya miezi mitatu nayo inahitaji muda wake. Kwa hiyo vipimo hivyo viwili usipime kila wiki. Andika tena siku saba kwenye daftari, linganisha na zile za mwanzo.

YAKIKWAMA

"Nimeambiwa dripu itasafisha sumu yote." Dawa ya kuvuta metali hutolewa hospitalini kwa mtu aliyethibitika kuwa na sumu nyingi, na huvuta pia zinki na madini mengine unayoyahitaji. Jaribio kubwa la Marekani na Kanada kwa watu kama 1,000 wenye kisukari waliowahi kupata shambulio la moyo lilitoa majibu 2024: risasi kwenye damu ilishuka sana, lakini mashambulio ya moyo na vifo havikupungua. Usiingie kwenye chumba cha mtu kuchomwa dripu hiyo.

"Nimepimwa nywele, nimeambiwa nina sumu kumi na mbili." Kipimo cha nywele cha mtu mmojammoja hudanganywa na vumbi, rangi ya nywele na sabuni. Anayekupima na kukuuzia tiba palepale, mwache.

"Nimeacha mkorogo, ngozi inawasha na imekuwa nyekundu." Mikorogo mingi ina dawa kali za steroidi pia. Usiurudie, nenda kwa daktari wa ngozi, na mwambie una kisukari, kwa sababu steroidi nazo hupandisha sukari.

"Misuli ya miguu inakakamaa usiku." Inaweza kuwa magnesiamu, potasiamu, dawa ya presha, au mishipa yenyewe. Pima kabla ya kumeza kitu.

"Sukari inashuka sana sasa." Umebadilisha chakula na dawa ni ileile. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) kwenye mashine, kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, kisha kliniki wakupunguzie dozi. Usijipunguzie mwenyewe.

"Vidonge vya chuma natumia miezi mitatu, damu haipandi." Angalia chai. Angalia udongo. Kisha omba kupimwa figo na kuulizwa habari ya risasi, maana risasi huzuia chuma kisiingie kwenye himoglobini na zinki ikaingizwa mahali pake.

"Kipimo cha risasi hakipatikani hapa kwetu." Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Dar es Salaam, hupima sampuli; kituo chako kiulize utaratibu wa kupeleka. Lakini hatua ya 1 hadi ya 6 hazihitaji kipimo hicho. Kama nyumbani kuna mtu anayesubu chubwi leo jioni, sufuria na itoke jikoni leo jioni.